Gari Lililokonyeza Shella

Gari liliingia mtaani kwetu Shella likisukumwa. Nyuma yake walikuwako wavuvi waliotoka kuuza samaki, wauza maji walioacha mikokoteni yao njiani, na watu wawili watatu ambao mpaka leo sijui kazi yao ni nini. Mimi nilikuwa mbele, leso nimejifunga kiunoni, buibui nimelitupia begani, natoa amri. Kushoto! Simama! Angalieni ukuta wa Bi Hindu, ukibomoka mtaujenga nyinyi! Jasho lilinitiririka mpaka kwenye nyusi na moyo ulinidunda kwa furaha, maana gari lilikuwa langu. Lilikuwa jekundu lililoiva, refu, pana, limelala chini karibu na mchanga. Hata kwa kutu yote ile, sijapata kuona kitu kizuri namna hiyo kikipita katika vichochoro vyetu.

Naitwa Jaha. Kazi yangu ni kupamba maharusi. Mkono wangu wa hina unajulikana kutoka Malindi mpaka Mambrui, na ulimi wangu nao unajulikana, wala sikatai. Gari hilo nililiona nyumbani kwa Mtaliano mmoja, Renzo, siku niliyokwenda kumpaka mkewe hina. Lilikuwa chini ya banda la makuti, na kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha nyuma. Renzo alilileta kwa meli miaka iliyopita, likiwa gari la wenye nguvu huko kwao, gari la kukimbia. Kisha chumvi ya bahari ikalila, likaanza kuharibika hiki na kile, mpaka likamshinda. Sasa mwenyewe alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Aliponionyesha alilitukana kwa lugha yake, halafu akaliinamia akalibusu boneti. Nikajua hapo hapo kwamba bei itakuwa nyepesi. Tulipatana kabla hina ya mkewe haijakauka.

Msinione mjinga. Sikununua gari kwa ajili ya kupanda. Nililinunua kwa ajili ya mume wangu.

Mume wangu Fumo ni Mbajuni wa Kizingitini, fundi wa vyombo vya baharini. Tangu ujana wake alikuwa na uwanja wake pale ufukweni, akichonga mashua, na hakuna nahodha wa Malindi asiyemjua. Halafu hoteli zikaanza kuleta boti za plastiki kutoka Mombasa, nao wavuvi wakawa wanaokoteza vyombo vikuukuu mradi waende. Uwanja ukawa mtupu. Siku moja Fumo alirudi nyumbani, akalisukuma sanduku lake la vifaa chini ya kitanda, akaketi. Mtu aliyekuwa akirudi na vumbi la mbao mpaka kwenye kope, sasa alishinda barazani, mikono juu ya magoti, akiitazama kama si yake. Nikimchokoza hajibu. Na mimi, mwanamke nisiyejibiwa, huona bora nipigwe.

Mwisho akasema tuhame. Kabla ya Ramadhani turudi Kizingitini, binamu yake atatupa chumba.

"Ukafanye nini huko?" nikamuuliza.

"Nikae."

Neno hilo lilinitia baridi. Mtu hata ndevu hazijamjaa mvi, anakwenda kisiwani kukaa! Nilijua akishakaa hatainuka tena. Usiku sikulala, na asubuhi ndiyo nilikwenda kwa mke wa Renzo. Niliporudi nikamwambia, "Baba Zuleikha, nipe mpaka Ramadhani. Nimenunua gari bovu. Likitembea kabla ya mwezi kuandama, tunabaki Malindi. Lisipotembea, mimi mwenyewe nitafunga mizigo, na sitanung'unika." Alinitazama akaona kwamba nimesema sitanung'unika. Nadhani hilo ndilo lililomfanya akubali.

Basi likasukumwa mpaka uani kwetu, watu wakatawanyika, Fumo akasimama mbele yake.

"Mama Zuleikha, hiki ni nini?"

"Gari."

"Naona ni gari. Laenda?"

"Laenda, likisukumwa."

Akalizunguka polepole. Akafungua mlango, akainama, akabonyeza sakafu kwa kidole. Kidole kikapita mpaka upande wa pili.

"Astaghafirullah! Limeoza tumbo lote! Nani alikuwa akilitunza hili? Hana haya?"

Alikuwa amekasirika. Wallahi, alikuwa amekasirika kwelikweli, sauti imepanda, mshipa wa shingo umemsimama, na mimi nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu kiangazi cha mwaka jana. Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi kubwa. Akaingia ndani. Nikasikia sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda, na nikajishika mdomo nisipige kelele.

Hapo ikaanza raha. Fumo aliikata sakafu yote iliyooza akaitupa. Mahali pake akaweka mbao za mvule alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya mashua ambayo hakuna aliyekuja kuiagiza. Alizichonga zikafuata kila kona ya gari, hata ungepitisha ukucha usingepata nafasi. Kisha akafanya kile ambacho kila fundi wa vyombo hufanya kabla ya kumkabidhi mtu chombo chake: akatia kalafati. Alilala chini ya gari na patasi butu na nyundo, pamba ameichovya mafuta ya papa, akatafuta kila ufa na kila kitundu kuanzia mbele mpaka nyuma, kwenye sakafu, chini ya milango, pembeni mwa boneti, akaisindilia pamba mpaka ikawa ngumu. Uani kulinuka papa. Majirani walilalamika, nami nikawajibu ipasavyo.

Injini nilimwachia Gona. Gona ni Mgiriama wa Vitengeni, fundi wa matrekta katika shamba moja la katani huko upande wa Kilifi, na mkewe ni rafiki yangu. Alikuja siku yake ya mapumziko, akafungua boneti, akatazama. Akaendelea kutazama.

"Ni mbaya sana?" nikauliza.

"Mulungu wangu," akasema. "Bi Jaha, silinda nane! Na kabureta zenyewe, tazama, zimepangwa huku na huku! Hii waliitengeneza watu wenye wazimu." Lakini macho yalikuwa yanamng'aa, na tangu siku hiyo hakukosa siku yake ya mapumziko hata moja.

Mikasa ya gari lile ukiihesabu utachoka. Dirisha la kulia lilishuka likakataa kupanda, la kushoto lilipanda likakataa kushuka. Ukikanyaga breki, buti linafunguka. Ukipiga honi, vifagio vya kioo vinaanza kufagia. Gia ya nyuma ilipatikana kwa kubembelezwa tu. Gona aliokoa mpira wa radieta kutoka kwenye pampu ya maji ya shambani, mkanda wa feni aliutoa kwenye mashine iliyokufa, na gasketi alizikata mwenyewe kwa mkasi wangu wa kushonea, mkasi ambao haujawahi kukata kitambaa tena. Viti vilikuwa vya ngozi, panya na kuku wamevila, nami nikavishona upya kwa mabaki ya mapazia mekundu ya harusi. Nyumba yetu ilijaa vyuma, mafuta na makelele. Fumo na Gona walibishana kutwa, huyu anataka kila kitu kiingie kwa nyundo, yule anataka kila kitu kiingie kwa spana. Niliwapikia wali wa nazi nikiwasikiliza na kuona maisha matamu.

Na taa! Taa za mbele zilikuwa zimejificha ndani ya boneti, ukiwasha zinainuka zenyewe. Lakini iliinuka moja tu, ya kushoto, na iliinuka ilipotaka. Jioni moja watu wakitoka msikitini, gari limesimama uani halina mtu ndani, taa ile ikainuka, ikakaa kidogo, ikashuka. Mzee Mahadhi, mtu mzima mwenye heshima zake, akasimama na bakora yake.

"Fumo," akaita, "gari lako limenikonyeza."

Kabla ya isha mtaa mzima ulikuwa unaliita Mkonyezo, na watoto wakawa wanapita makusudi wakonyezwe.

Siku injini ilipowaka, nilikuwa napepeta mchele. Gona alikuwa amewasha na kuzima tangu asubuhi, kukohoa tu, kukohoa tu. Ghafla likanguruma. Si mngurumo wa gari mnaoujua nyinyi. Ardhi ya uani ilitetemeka, mchele ukaruka kwenye ungo, Bi Hindu akatoka kwake na mwiko mkononi akiuliza kama ni vita. Nilipiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Gona alikuwa anacheza kwa mabega, ule mchezo wao wa Kigiriama, na Fumo alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya boneti, amefumba macho.

Fumo aliwahi kuendesha lori la mbao ujanani, kwa hiyo usukani alikuwa anaujua. Ila usukani wa Mkonyezo ulikuwa kushoto, kama ilivyo kwao Wataliano. Mimi nikakaa kulia, mahali ambapo kwetu hukaa dereva. Tulipotoka barabarani watu waliona gari jekundu linakuja kwa kishindo, na aliye nyuma ya kioo ni mwanamke wa buibui asiyeshika usukani, anajitia wanja. Mwenye baiskeli mmoja aliingia mtaroni mwenyewe bila kuguswa. Niliwapungia wote.

"Tushike njia ya uwanja wa ndege," nikamwambia Fumo. "Pale pamenyooka."

"Taratibu, Mama Zuleikha."

"Taratibu nimelinunulia nini? Kanyaga!"

Akakanyaga. Yallah! Mgongo wangu uligandamana na kiti, minazi ikawa ukuta mmoja, upepo ukaingia kwa lile dirisha lisilopanda ukaninyakulia mtandio. Buti likafunguka aliposhika breki. Tulirudi kuutafuta mtandio wangu tukaukuta juu ya mkorosho, na Fumo akaupanda mkorosho kama kijana. Nilimtazama miguu yake ikining'inia pale juu, nikasema moyoni, nimeshinda, Kizingitini tutakwenda kutembea tu.

Nilijipongeza mapema mno. Wiki ile ile ikaanguka mvua ya masika.

Mvua ya kwanza ilitukuta karibu na soko la samaki. Gari likakohoa, taa zote zikawaka zenyewe, zikazimika, na injini ikafa. Tukasukumwa nyumbani. Gona akaja, akafungua chini ya dashibodi, akakuta waya na fyuzi zimelowa chepechepe. Akazikausha kwa vitambaa, likawaka. Kukikauka likaenda vizuri, tukafurahi. Ikanyesha tena, likafa tena, safari hii mbele ya msikiti, na likakonyeza kabla ya kufa. Tukipiga kona tulisikia maji yanacheza mahali fulani, chwaa, upande huu, chwaa, upande ule, wala ndani hatuyaoni.

"Pana tundu," Fumo akasema. "Maji yanapita mahali."

Akalala tena chini ya gari na tochi. Akaongeza pamba, akaongeza mafuta, akakagua kila mahali alipokwisha kuziba akapigilia mara ya pili. Mvua iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Hata honi ililia yenyewe mpaka tukaikata. Kila alipoziba ndipo gari lilipozidi kulowa, na kila lilipolowa sauti ya mume wangu ilizidi kushuka. Hakubishana tena na Gona. Alipokea spana aliyopewa, akarudisha aliyoombwa. Kisha jioni moja nikatoka nje na kumkuta barazani, ameketi, mikono juu ya magoti.

"Kesho nitampigia simu binamu," akasema. "Mwezi unakaribia kuandama. Chombo kisichokwenda hata majini kimenishinda kukizuia maji. Fundi gani mimi?"

Nilimwogopea. Sijawahi kumwogopea mtu namna ile, hata Zuleikha mwanangu alipoolewa Mombasa akiwa bado hajui kukaanga samaki.

Kulikuwa na jambo lingine. Binti yake Gona, Zipporah, alikuwa anaolewa Kilifi Jumamosi ile, na nilikuwa nimemwahidi kwa mdomo wangu huu kwamba ataingia kanisani na Mkonyezo. Gona hakunikumbusha, maana ana adabu. Ijumaa aliomba ruhusa kazini akaja asubuhi, akaendelea kukausha waya zake kimya kimya. Fumo alijimwagia maji, akavaa kanzu, akaenda msikitini mapema bila kulitupia gari jicho.

Alipotoka nikaamua kuvuta viti nje nivianike, angalau gari linuke vizuri likirudi kuwa banda la kuku. Nikaufungua mlango wangu wa kulia. Ukawa mzito. Nikausukuma, ndani yake kukalia chwaa.

"Gona! Mlango una maji!"

"Wapi?"

"Ndani yake! Ndani ya mlango wenyewe!"

Akafungua kile kibao cha ndani. Tukachungulia. Mlango ulikuwa mtungi. Maji yalikuwa yametulia humo, safi kabisa, yamefika juu zinapopita waya. Gona akatazama maji, akatazama dirisha, halafu akalala chini akaingia uvunguni. Alikaa humo muda nikiwa naona miguu yake tu.

"Bi Jaha," akasema kutoka chini, sauti ndogo. "Hapa chini ya mlango pana vitundu. Vya duara, vimepangwa. Hivi havikuliwa na kutu. Vilitobolewa huko huko lilikotengenezwa."

"Vya nini?"

"Vya kutolea maji. Kila gari huingia maji, hapa kwenye dirisha, na hapa chini ya kioo cha mbele. Huingia juu yakatoka chini. Matrekta yangu hayana milango, mimi sikufikiri." Akapapasa mbele na nyuma. "Vyote vimezibwa kwa pamba. Chini ya milango, chini ya kioo, pembeni kote. Hakuna hata kimoja kilichoachwa."

Nikakaa juu ya kiti changu cha mapazia, pale uani. Nilielewa vizuri sana. Mke wa fundi wa vyombo asielewe? Maisha yake yote Fumo amekuwa mtu wa kuziba. Tundu kwake ni kifo cha watu, hulali mpaka umelipata. Umpe kitu chenye matundu umwambie haya ni mazuri? Na sisi tuliosimama pale tukimsifu, mimi mke wa fundi na Gona wa matrekta, hakuna aliyejiuliza. Sasa akiambiwa kwamba gari limeuliwa na mkono wake mwenyewe, mkono ambao ndio pekee aliobaki akijivunia, basi Kizingitini ni karibu, atakwenda hata kwa miguu.

"Tusimwambie," Gona akasema. "Tuitoe pamba sasa hivi, yuko msikitini. Tutasema waya ulikuwa umekatika. Mimi nitasema ni mimi niliyekosea."

Nikakubali. Nikampa koleo, nami nikachukua msumari nikaupinda, tukalala chini wote wawili, mimi na buibui langu matopeni. Tukavuta. Pamba haikuja. Gona akatia miguu ukutani akavuta mpaka koleo likapinda. Nikachokoa kwa msumari, nikachokoa kwa kisu cha kupaa samaki, nikapata nyuzi mbili. Mahali pengine huyo mtu alikuwa amepigilia mara mbili! Nilimtukana kimoyomoyo na kumsifu kimoyomoyo. Tulikuwa bado tunahangaika na tundu lile lile la kwanza tulipoona miguu ya kanzu imesimama kando yetu.

"Mwafanya nini?"

Gona alibaki palepale uvunguni, amekauka. Mimi nilisimama mbele ya mlango, kana kwamba buibui linaweza kuficha gari. Uongo ulikuwa tayari, Gona ameutengeneza, kazi yangu ilikuwa kuutamka tu. Nikafungua mdomo na uongo ukakataa kutoka.

"Twatoa kalafati yako, Baba Zuleikha. Vitundu hivi viliwekwa makusudi, maji yatoke. Wewe umeviziba. Mvua ikinyesha maji yanaingia juu, hayana pa kutokea, yanapanda mpaka kwenye waya. Ndiyo maana linakufa. Nimekwambia. Ukitaka kukasirika kasirika, ukitaka nipige kwa bakora ya Mzee Mahadhi, lakini usininyamazie. Nakuomba, usininyamazie."

Akaninyamazia. Akapita pembeni yangu, akauinamia mlango uliofunguliwa kibao chake, akachungulia mle ndani. Akatumbukiza kidole, akakitoa, akakitazama kidole.

"Maji haya ni ya lini?"

"Ya mvua ya Jumatatu," Gona akajibu kutoka chini ya gari.

"Jumatatu," Fumo akasema.

Akapiga goti na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Akapeleka kiganja chini ya mlango, akakipitisha taratibu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akakitoa. Kilikuwa kikavu. Akakitazama kiganja kile kwa muda mrefu, na mabega yakaanza kumtetemeka. Nikajua analia. Nikamshika bega, naye akageuka, na hakuwa analia, alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

"Tangu Jumatatu!" akasema. "Gona, umeona? Toka huko, toka uone! Tangu Jumatatu, na hata tone! Hata jasho! Na koleo limepinda?"

"Limepinda, fundi. Tazama."

"Limepinda!" Akalishika koleo akalionyesha mbingu. "Chombo gani pwani hii kimeshika maji hivi? Nionyesheni! Jaha, nimejenga mtungi wa magurudumu! Miezi yote hii nasema mkono wangu umekwisha, kumbe mkono wangu ndio ulioua gari!"

Nami nikacheka, Gona akacheka, Bi Hindu akachungulia juu ya ukuta akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha Fumo akaivua kanzu akanitupia, akabaki na shuka, akaitisha kulabu yake ndogo kutoka kwenye sanduku. Alijua pamba ilivyoingia, kwa hiyo alijua itakavyotoka. Alipenyeza, akazungusha, akavuta, na uzi mrefu ukatoka mzima mzima. Maji ya mvua ya Jumatatu yakammwagikia miguuni. Kila tundu alilolifungua aliita watu waje waone, na watu walikuja, mpaka Mzee Mahadhi na bakora yake. Palipokuwa pembamba akapapanua kwa keke. Jioni uani kwetu kulikuwa na ziwa.

Jumamosi asubuhi tuliondoka kwenda Kilifi, Fumo kwenye usukani, mimi kulia na boksi langu la mapambo mapajani, Gona nyuma katika suti ya kuazima iliyombana makwapa. Mkonyezo lilikuwa limefungwa riboni nyeupe. Tulipita Gede kwa mngurumo uliowatoa watu madukani. Tulipoingia kwenye msitu, mbingu ikafunguka.

Haikuwa mvua ya mchezo. Kioo kilikuwa cheupe, na dirisha langu lisilopanda lilinimwagia mafuriko kifuani. Nilikuwa nasikiliza injini. Gona nyuma alikuwa anaomba Mungu kwa Kigiriama. Injini ikanguruma, ikaendelea kunguruma. Tukapiga kona, sikusikia chwaa. Tukapiga nyingine.

Fumo akakanyaga breki, buti likafunguka, gari likasimama katikati ya msitu injini ikiwaka. Akafungua mlango akatoka kwenye mvua.

"Fundi!" Gona akapiga kelele. "Fundi, harusi ya mwanangu!"

Fumo hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti barabarani, shavu karibu liguse lami. "Jaha!" akaita. "Jaha, njoo uone!"

Nilikuwa nimevaa buibui jipya na viatu vya harusi. Nikatoka. Nikapiga magoti kando yake, mvua ikitupiga migongoni, nikatazama chini ya gari. Maji yalikuwa yanatoka katika kila kitundu, nyuzi nyembamba zilizonyooka, zimepangana kutoka mbele mpaka nyuma, na mume wangu alikuwa anazionyesha moja moja kwa kidole.

"Ile nimeitoboa kubwa kidogo," akasema. "Na mlango wa kushoto wataka kimoja zaidi. Renzo kabla hajaondoka aliwaambia Wataliano wenzake, na jana wamemtuma mtu kwangu. Wanayo magari mengine mawili, yameoza vibaya kuliko hili. Nitaanza na sakafu. Uani petu ni padogo, itabidi tuombe ule uwanja wa ufukweni."

Nilikuwa nalia, na kwa mvua ile hakuna aliyeweza kujua.

"Na kuhama je?" nikamuuliza.

Akageuka akanitazama, maji yanamtiririka puani, uso wa mtu aliyekatizwa kazi.

"Kuhama?" akasema. "Nani anahama?"

Akarudi kutazama matundu yake. Ilibidi mimi na Gona tumshike mikono huku na huku, tumrudishe kwenye usukani, tukamchukue bibi harusi.